Gia Moja kwa Michezo Mitatu: Pima Njia kwa Dakika

Kijana mwenye baiskeli ya gia moja akisikia yanakuja mashindano ya triathloni, hujiambia kwamba hayo si yake. Ameziona picha: magurudumu ya kaboni, kofia zenye mkia, fremu zinazouzwa kwa bei ya pikipiki. Kuogelea anajua, maana amekulia ufukweni. Kukimbia anaweza. Kinachomrudisha nyuma ni ile baiskeli nzito ya Phoenix ya nyumbani, au baiskeli nyepesi ya mtumba ambayo fundi ameivua mitambo ya gia ikabaki na sproketi moja mbele na moja nyuma.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Aingie. Gia moja inaweza kumfikisha, tena kwa heshima, mradi afanye uamuzi mmoja mapema na kwa hesabu: meno mangapi mbele, meno mangapi nyuma. Mwenye gia 22 akikosea hujisahihisha kwa kidole, mwendo ukiendelea. Mwenye gia moja huutumikia uamuzi wake kuanzia anapotoka majini hadi anapoitundika baiskeli, na kisha miguu ileile aliyoitumia humtaka akimbie. Ndiyo maana gia huchaguliwa nyumbani, kwa kuijua njia.

Mchezo wenyewe

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, saa ikihesabu hata pale unapobadilisha viatu. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Wanaoanza hufaidika zaidi na nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Ironman ndiyo ndefu inayojulikana zaidi, kilomita 3.8, 180 na 42.2, na nusu yake huitwa 70.3 kwa sababu hizo ndizo maili zake zote zikijumlishwa. Nusu hiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki Agosti 2022, iliposhindaniwa Rubavu nchini Rwanda, kwenye ufukwe wa Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma.

Mchezo huu haukuanzia kwenye utajiri. Tarehe 25 Septemba 1974, watu 46 wa San Diego, Marekani, walikusanyika Mission Bay kwa mashindano yaliyobuniwa na Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya riadha ya mji huo. Mmoja wa waliokuwepo, ofisa wa jeshi la majini John Collins, baadaye alianzisha na mkewe Judy mbio za Hawaii zilizokuwa Ironman ya kwanza. Februari 1978 waliojitokeza walikuwa 15, wakamaliza 12, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Wakubwa waliotumia gia moja

Anayedhani gia moja ni mashaka ya maskini akumbuke historia ya baiskeli yenyewe. Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, iliwakataza washindani kutumia mitambo ya kubadilisha gia hadi mwaka 1937. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, alishikilia kwamba mbio ni za misuli, si za mashine. Washindani walipanda milima ya Alps na Pyrenees na gurudumu la nyuma lenye sproketi pande mbili: ndogo kwa tambarare, kubwa kwa mlima. Ukifika chini ya mlima unashuka, unalegeza nati, unaligeuza gurudumu, unakaza na kuendelea. Kosa la kugeuza mapema au kuchelewa liliamua nani angeongoza kileleni. Inasimuliwa kwamba Novemba 1924, kwenye kilima cha Croce d'Aune huko Italia, Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati zake kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na kutokana na adha hiyo akabuni kifungio cha haraka ambacho leo kipo kwenye magurudumu ya baiskeli duniani kote.

Mfano unaotufaa zaidi uko kwenye uwanja wa mbao, si mlimani. Rekodi ya saa moja ni jaribio la mtu mmoja, baiskeli moja, gia moja, dakika 60. Tarehe 25 Oktoba 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji alizunguka uwanja wa Mexico City na kufikisha kilomita 49.431. Alikuwa na meno 52 mbele na 14 nyuma. Kila mzunguko wa pedeli ulimsogeza karibu mita 7.9, kwa hiyo miguu yake ilizunguka takriban mara 104 kwa dakika kwa saa nzima. Mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia alifikisha kilomita 56.792 na meno 65 kwa 14.

Mabingwa hao hawakuchukua gia kubwa kisha wakaomba miguu iifuate. Walijua kwanza mwendo wanaoutaka, wakajua mizunguko ambayo miguu yao huistahimili, na meno yakaja mwisho, kama jibu la hesabu. Mshindani wa triathloni anapaswa kufuata mpangilio huohuo.

Hesabu ya chaki

Kitu cha kutafuta ni hatua ya baiskeli, yaani umbali inaosogea pedeli ikizunguka mara moja. Unaweza kuupima bila kitabu. Simamisha baiskeli kwenye sakafu, pedeli ya kulia ikiwa chini kabisa, na uchore mstari wa chaki chini ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Isukume polepole kwa kuzungusha pedeli hadi irudi chini palepale. Chora mstari wa pili, pima kati ya mistari. Hiyo ndiyo hatua yako.

Kwa kalamu ni rahisi vilevile: gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi la 700×25 la baiskeli nyepesi lina mzingo wa takriban mita 2.1. Lile la inchi 28 kwa moja na nusu la Phoenix lina kama mita 2.24. Meno 42 kwa 16 kwenye tairi jembamba yanatoa hatua ya mita 5.53, na 48 kwa 16 yanatoa mita 6.3.

Sasa ligeuze swali. Tuseme mazoezini unamaliza kilomita 20 za tambarare kwa dakika 40. Huo ni mwendo wa kilomita 30 kwa saa, au mita 500 kwa dakika. Watu wengi hupata raha ya kudumu kwenye mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika. Chukua 90: 500 ukigawa kwa 90 unapata mita 5.56. Tafuta meno yanayokaribia hapo na utayakuta 42 kwa 16. Kama mwendo wako halisi ni kilomita 28 kwa saa, hesabu inakupeleka kwenye hatua ya mita 5.2 hivi, yaani 40 kwa 16 au 42 kwa 17.

Neno lenye uzito hapo ni "halisi". Mwendo wa kutumia ni ule unaoupata peke yako, baada ya kuogelea, ukijua kwamba kuna kukimbia. Mwendo wa Jumapili nyuma ya kundi la marafiki hautakusaidia.

Ukitaka kurekebisha, kumbuka kwamba jino moja la nyuma lina nguvu kuliko jino moja la mbele. Kwenye sproketi ya nyuma ya meno 16, jino moja hubadilisha gia kwa asilimia 6 hivi. Kwenye ya mbele ya meno 44, ni asilimia 2 na kidogo. Nyuma unafanya mabadiliko makubwa, mbele unanyoosha.

Upepo ndio mlima wa pwani

Barabara ya mashariki ya Unguja, kutoka Paje kupitia Jambiani kwenda Makunduchi, karibu yote ni tambarare. Mgeni ataiangalia kwenye ramani na kusema hapa pa gia kubwa. Mwenyeji atamuuliza: msimu gani? Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na anayeelekea Makunduchi hukutana nayo uso kwa uso. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, na mambo hugeuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema: nusu ya njia upepo utanipinga, nusu utanisukuma, basi zitafutana. Hazifutani. Chukua njia ya kilomita 10 kwenda na 10 kurudi. Ukienda dhidi ya upepo kwa kilomita 23 kwa saa, utatumia dakika 26. Ukirudi nao kwa kilomita 36 kwa saa, utatumia chini ya dakika 17. Kilomita ni sawa, dakika si sawa. Miguu haijui kilomita. Inajua dakika ilizokaa kwenye mateso.

Kwa hiyo gia ipimwe kwa mahali utakapokaa muda mrefu. Ukiwa na 42 kwa 16, kwenye ule upepo wa kukupinga utazungusha mara 69 kwa dakika, na ukirudi utazungusha 108. Yote yanawezekana. Ukiwa na 48 kwa 16, kurudi ni raha, mizunguko 95 tu. Lakini kwenda utashuka hadi 61, na kila mkanyago utadai nguvu zaidi kwa asilimia 14 kwa dakika 26 mfululizo. Dakika chache utakazookoa ukirudi utazilipa kwenye kilomita 5 za kukimbia, tena kwa riba.

Hata huko kwenye kurudi hasara ya gia ndogo si kubwa kama inavyoonekana. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hukua kwa kasi mno mwendo unapoongezeka: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kushinda hewa inakuwa mara nane. Ndiyo maana mwenye gia kubwa hakuachi sana ukirudi na upepo, wala kwenye mteremko. Anapambana na ukuta wa hewa, wewe umeinama, umetulia, friwili, ile sproketi ya nyuma inayoiacha miguu itulie, inalia nyuma na baiskeli inakwenda yenyewe.

Kilima kina sheria yake

Bara mambo ni mengine. Tuseme kuna mwinuko wa asilimia 6 na unaupanda kwa kilomita 12 kwa saa. Na 42 kwa 16 miguu itazunguka mara 36 kwa dakika. Hapo umesimama juu ya pedeli, mikono inavuta usukani, na kila mkanyago ni kama kupanda ngazi ndefu. Kwa mita 300 mtu mwenye mazoezi hufaulu. Kwa kilomita mbili atakuwa ameitumia miguu ya kukimbilia kabla hata hajafika kwenye kukimbia.

Nenda kaiangalie njia kabla ya kuamua. Kama mwinuko mkali ni mmoja na mfupi, chagua gia ya tambarare na uupande ukiwa umesimama. Kama ni mingi, au mmoja mrefu, ongeza meno mawili nyuma na ukubali kuzungusha haraka kwingine. Na kama pana mahali ambapo hata hivyo utalemewa, shuka usukume. Sheria za mchezo huruhusu kutembea na baiskeli. Zinachokataza ni kusonga mbele bila hiyo baiskeli. Mita 100 za kusukuma kwa mwendo wa haraka hugharimu sekunde chache, lakini mita 100 za kung'ang'ana kwenye mizunguko 25 huweza kugharimu paja kwa siku nzima.

Pia kuna njia ambazo gia moja haifai, na ni haki kusema wazi. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, yaliwapandisha wanaume zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja. Hakuna hesabu ya meno inayoweza kuibeba njia ya namna hiyo kwa sproketi moja.

Kinachotusaidia ni kwamba triathloni za watu wa kawaida hazifanani na mbio za baiskeli. Mshindani haruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzake. Hutakiwa kuacha nafasi, kwa kawaida mita 10 hadi 12 au zaidi. Hakuna kundi, hakuna kuchomoka ghafla kwenye kona. Unakwenda kwa mwendo wako mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendo mmoja ndio ambao gia moja imeumbiwa. Kwa washindani wa kiwango cha Olimpiki, ambao huruhusiwa kwenda kwa makundi, habari ni tofauti.

Kijiweni kwa fundi

Kazi ya kubadilisha meno hufanyika chini ya mti, kwenye kijiwe cha fundi. Nilimkuta mmoja mjini Unguja, mzee mwenye mikono iliyokolea grisi, kijana mmoja akimletea Phoenix yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo imekusumbua nini?"

"Nataka friwili ya meno ishirini. Hii ya kumi na nane inanishinda nikipambana na kusi."

Mzee hakuuliza zaidi. Alihesabu meno ya mbele kwa kidole cha shahada, 44, akalitoa gurudumu na kubana chuma chenye meno mawili kwenye jiliwa lake, mashimo ya friwili yakaingia juu ya chuma. Kisha akalishika tairi kwa mikono yote miwili na kulizungusha kwa nguvu kushoto, kama dereva anayekata kona. Friwili ilikatalia, ikatoa mlio, ikalegea.

"Hii hujikaza yenyewe," alimweleza kijana. "Kila unapokanyaga unaikaza wewe. Kwa hiyo ukiifunga usiipige nyundo. Ifunge kwa mkono, grisi kwenye nyuzi, barabara itamaliza."

Alipoifunga mpya, cheni ilikuwa imekaza mno. Akalisogeza gurudumu mbele kidogo kwenye nafasi ya fremu, kama milimita 6. Ndivyo hesabu ilivyo: jino moja linasogeza ekseli milimita 3 na kidogo, kwa hiyo meno mawili hayakulazimu kuongeza kiungo cha cheni. Akaibonyeza cheni katikati kwa kidole, ikashuka na kupanda kiasi cha sentimita moja. Akazungusha pedeli raundi nzima akiangalia kama kuna mahali inapokaza, kwa sababu sproketi nyingi hazikai katikati sawasawa. Kisha akachuchumaa nyuma ya baiskeli na kufumba jicho moja, kuhakikisha cheni inakwenda moja kwa moja kutoka nyuma hadi mbele.

Mabadiliko hayo ya meno mawili yalipunguza hatua ya Phoenix kutoka mita 5.48 hadi 4.93. Kwa anayekwenda kilomita 18 kwa saa dhidi ya kusi, akiwa amekaa wima kwenye baiskeli ya kilo 20 hivi, miguu inatoka kwenye mizunguko 55 hadi 61. Akisukumwa na upepo kwa kilomita 28 kwa saa atazungusha 95, jambo ambalo kijana yeyote hulizoea kwa wiki chache za mazoezi. Friwili za gia moja za meno 16, 18 na 20 si vitu adimu kwenye maduka ya vipuri, na gharama yake haikaribii bei ya mitambo ya gia.

Breki kabla ya kasi

Mapenzi ya gia moja yasimfanye mtu asahau usalama. Waandaaji wengi hudai breki inayofanya kazi kwenye kila gurudumu, na ni haki yao. Baiskeli ya uwanjani isiyo na friwili, ambayo pedeli huzunguka muda wote gurudumu likizunguka, si ya kuletwa kwenye barabara yenye watu na kona. Pedeli inaweza kugusa lami ukiinama, na mteremko unaweza kuikimbiza miguu kuliko uwezo wake. Friwili na breki mbili, hapo pasiwe na mjadala. Wenye breki za fimbo na rimu za chuma wajue kwamba mvua huzipunguza nguvu sana, kwa hiyo vipande vya mpira viwe vipya, na mteremko uanze kudhibitiwa juu, si katikati.

Cheni nayo ikaguliwe. Chumvi ya bahari na mchanga ni adui zake wakubwa. Cheni iliyorefuka hula meno ya sproketi, na meno yaliyolika huirusha cheni pale unaposimama kwenye pedeli kupanda kilima. Ukinunua friwili mpya, weka na cheni mpya, uisafishe na kuipaka mafuta kila ukitoka ufukweni.

Waandaaji nao wana wajibu

Naamini kabisa kwamba triathloni ya Afrika Mashariki haitakua kwa kungojea vijana wanunue baiskeli za kaboni. Itakua siku waandaaji watakapoifungulia mlango baiskeli iliyopo. Watangaze mapema ramani ya njia pamoja na vilima vyake na upande unaotoka upepo msimu huo, ili mwenye gia moja apate kufanya hesabu. Waweke kundi la gia moja lenye matokeo na zawadi zake. Wamlipe fundi wa mtaani akague breki asubuhi ya mashindano. Shule za pwani zina bahari, zina barabara, zina watoto wanaokwenda darasani kwa baiskeli. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha vitu hivyo vitatu.

Kwa kijana mwenyewe, kipimo cha mwisho akifanye wiki mbili kabla ya mbio, kukiwa bado na muda wa kurudi kwa fundi. Akitafute kipande kigumu zaidi cha njia, kile chenye upepo wa uso au mwinuko, akiendeshe kwa muda uleule atakaokaa nacho siku yenyewe. Halafu aiweke baiskeli, avae viatu na akimbie kilomita mbili bila kupumzika. Miguu ikikaa sawa ndani ya dakika chache na pumzi ikarudi, meno aliyonayo ndiyo ya kwenda nayo mbioni. Miguu ikigoma, aongeze meno mawili nyuma na kupima tena, maana matokeo ya triathloni husomwa mwisho wa mbio za miguu, si pale baiskeli inapotundikwa.